Bima ya matibabu kwa safari ya nje: namna ya kuikata, kuisoma na kuitumia

Wengi wanaokata bima ya safari Dar es Salaam au Nairobi huikata kwa sababu moja tu: ubalozi umeidai. Karatasi inachapwa, inabanwa pamoja na taarifa ya benki, inapelekwa dirishani, na viza ikitoka hakuna anayeifungua tena. Kwa hiyo kosa kubwa kwenye bima ya safari si kuikosa. Ni kuwa nayo bila kujua inalipa nini, inalipa wapi, na ni namba gani ya simu inayotakiwa kupigwa kabla hujasaini chochote hospitalini. Mwongozo huu unafuata mambo kwa mpangilio wa kuyatenda, kuanzia kabla ya kulipa hadi unaporudi na risiti zako.

Hatua ya 1: Jua nchi unayokwenda inadai nini, na inatoza vipi

Haya ni mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya.

Nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, ambazo sasa ni 29, zinadai bima kisheria. Kanuni ya viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inataka kiwango cha chini cha yuro 30,000, bima itambulike katika nchi zote za Schengen, idumu siku zote za ukaaji wako, na ilipie matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na kifo. Angalia sarafu. Hati iliyoandikwa dola 30,000 haitoshi yuro ikiwa juu ya dola, na ofisa wa viza ana haki ya kuikataa. Ukiomba viza ya kuingia mara nyingi, unaonyesha bima ya safari ya kwanza tu, kisha unasaini kwamba safari zinazofuata utajikatia mwenyewe. Hapo ndipo wengi husafiri mara ya pili na ya tatu wakiwa mikono mitupu, kwa kuwa hakuna aliyewauliza tena.

Uingereza haidai bima kwa viza ya matembezi ya hadi miezi 6, na ndiyo sababu wazazi wengi wanaokwenda kuwaona watoto wao huondoka bila kitu. Wanaosema kuwa matibabu Uingereza ni bure wamesikia nusu ya habari. Huduma ya chumba cha dharura haitozwi, lakini ukishalazwa wodini au kupewa miadi ya daktari bingwa, mgeni asiye mkazi nchini England hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huko. Baadhi ya maradhi ya kuambukiza, yakiwemo malaria, kifua kikuu na VVU, hayatozwi. Kiharusi, moyo, kuvunjika nyonga na figo hutozwa, na hayo ndiyo yanayowalaza wazee. Deni la NHS likifika pauni 500 bila kulipwa linaweza kuwa sababu ya kunyimwa viza baadaye. Anayekwenda kusoma au kufanya kazi kwa zaidi ya miezi 6 yuko kwenye utaratibu mwingine: analipa ada ya afya pamoja na viza, pauni 1,035 kwa mwaka, au 776 kwa mwanafunzi, na anatibiwa kama mkazi.

Marekani nayo haiulizi bima kwa viza ya matembezi, na ndiyo nchi yenye bili za kutisha kuliko zote. Sheria ya mwaka 1986 inailazimisha hospitali yenye chumba cha dharura kumpima na kumtuliza mgonjwa hata kama hana fedha. Watu huisikia sheria hii na kudhani ni msaada wa bure. Sheria inazuia usifukuzwe mlangoni. Bili inakuja baadaye kwa posta, mara nyingi vipande vipande: hospitali yake, daktari yake, maabara yake, gari la wagonjwa yake. Anayekwenda kwa viza ya mabadilishano ya J-1 anadaiwa bima ya angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kusafirishwa kwa matibabu na dola 25,000 za kusafirisha maiti. Hata kama huendi kwa viza hiyo, chukua viwango hivyo kama kipimo chako cha chini.

Kanada inadai bima ya dola za Kanada 100,000, ya angalau mwaka mmoja, kwa mzazi au bibi na babu wanaoomba viza maalumu ya kukaa muda mrefu na watoto wao. Viza ya Umra hutoka ikiwa na bima ndani ya ada yake. Muulize wakala wako namba ya hati hiyo na namna ya kuitumia, maana mara nyingi msafiri hajui hata kama anayo. Anayekwenda kazini Ghuba asitegemee bima ya safari kwa miaka miwili ya mkataba. Kwenye Falme za Kiarabu, tangu tarehe 1 Januari 2025, waajiri wa sekta binafsi na wa wafanyakazi wa nyumbani kote nchini wanatakiwa kuwakatia bima. Kadi hiyo idaiwe kwa mwajiri, na bima ya safari ikufunike wiki za mwanzo tu.

Hatua ya 2: Hesabu ulichonacho tayari

Bima za afya za taifa, yaani kadi ya NHIF ya Tanzania na usajili wa SHA wa Kenya, zimejengwa kwa vituo vya ndani. Ukivunjika mguu Istanbul, usizitegemee. Bima ya mwajiri wakati mwingine ina kipengele cha nje ya nchi, lakini kwa kawaida kina kikomo chake kidogo na orodha yake ya nchi. Omba hati yenyewe, usiridhike na neno la ofisa rasilimali watu. Baadhi ya kadi za benki za daraja la juu hutoa bima ya safari, kwa sharti kwamba tiketi imelipiwa kwa kadi hiyohiyo. Uanachama uitwao "Maisha" wa AMREF Flying Doctors, huduma ya ndege za wagonjwa ya Nairobi, ni kitu kizuri kwa safari za Afrika Mashariki, ila unakulipia ndege ya kukutoa ulipo hadi hospitali. Bili ya hospitali inabaki mlangoni mwako.

Na kuna jambo moja linaloleta ugomvi kila siku kwenye kaunta za mawakala: bima ya safari hailipii matibabu uliyoyasafiria. Anayekwenda Chennai au New Delhi kufanyiwa upasuaji wa moyo hawezi kuukatia upasuaji huo bima ya safari, wala matatizo yanayotokana nao. Msindikizaji wake, hata hivyo, anaweza kujikatia bima yake mwenyewe, na inafaa afanye hivyo.

Hatua ya 3: Chagua eneo na kiwango

Kampuni hugawa dunia mafungu. Fungu la Schengen peke yake ndilo rahisi, na kwa safari ya wiki mbili gharama yake kwa mtu wa makamo ni makumi machache ya dola, mara nyingi chini ya ada ya viza yenyewe ambayo ni yuro 90. Lakini angalia njia unayopita. Ukiunganisha ndege Doha, Addis Ababa au Istanbul na kulala huko usiku mmoja, hati ya Schengen peke yake haikuhesabu. London nayo haimo, wala Dublin. Fungu la pili, dunia nzima isipokuwa Marekani na Kanada, huongeza fedha kidogo tu na kufunga mianya hiyo yote. Sisi tunalipendekeza hata kwa anayekwenda Paris tu. Fungu la tatu linaingiza Marekani na Kanada, na bei yake hupanda sana kwa sababu tulizokwisha kuzieleza.

Kuhusu kiwango: yuro 30,000 ni kipimo cha ubalozi. Kinatosha mkono uliovunjika na siku chache za kulazwa, na kinaweza kuisha haraka mgonjwa akiwekwa chumba cha uangalizi maalumu. Kama tofauti ya bei kati ya 30,000 na 50,000 au 100,000 ni ya chakula cha jioni kimoja, lipa tofauti hiyo.

Kisha tafuta mistari miwili ambayo wengi huiruka: kusafirishwa kwa dharura ya matibabu, na kusafirisha maiti. Mgonjwa wa kiharusi anayerudishwa Dar kwa machela kwenye ndege ya abiria huchukua viti kadhaa, na shirika la ndege kwa kawaida hutaka asindikizwe na muuguzi au daktari. Maiti inahitaji kuhifadhiwa, jeneza maalumu, hati za ubalozi na nafasi ya mizigo. Kila jumuiya ya Watanzania na Wakenya ughaibuni inayajua makundi ya WhatsApp ya michango ya kumrudisha marehemu. Mstari huu mmoja kwenye hati ndio unaoyafanya yasihitajike. Kwa familia itakayotaka kuzika hukohuko upesi, uliza kama kampuni inalipia mazishi ya huko badala ya usafiri, na kwa kiasi gani.

Hatua ya 4: Taja maradhi yako, yote

Hapa ndipo madai mengi yanapofia.

Chukua mfano wa mama wa miaka 68 anayekwenda Reading, Uingereza, kumlea mjukuu kwa miezi 5. Ana presha kwa miaka kumi, anakunywa vidonge viwili kwa siku, na sukari yake huwa inapanda. Mwanawe anajaza fomu mtandaoni akiwa kazini, anafika swali la ugonjwa uliokuwepo kabla, anabonyeza "hapana" kwa sababu "mama yuko sawa tu." Mwezi wa tatu akiwa huko mama anapata kiharusi. Jambo la kwanza hospitali inaloandika kwenye faili ni historia yake: presha, miaka kumi, dawa fulani. Kampuni ya bima itaomba faili hilo kabla ya kulipa chochote, na jibu lake likikinzana na fomu, dai linakataliwa kihalali.

Ukisema "ndiyo", moja kati ya mambo matatu hutokea: kampuni inakubali kwa kuongeza ada, inakubali kulipa pale tu ugonjwa huo unapolipuka ghafla na kuhatarisha maisha, hadi mgonjwa atulie, au inaukataa ugonjwa huo kabisa na kufunika mengine. Hata jibu la tatu lina faida, maana unajua kabla ya safari. Unaweza kutafuta kampuni nyingine, au kuweka akiba, au kufupisha matembezi. Umri nao una ngazi zake: kwenye kampuni nyingi ada hupanda kuanzia miaka 65 hivi, kiwango cha juu cha malipo hupungua, na baadhi hazikati kabisa baada ya umri fulani. Usingoje wiki ya mwisho kuligundua hilo.

Mjamzito aulize wiki ngapi zinafunikwa. Kwa kawaida hulipiwa dharura za ujauzito hadi wiki fulani, na kujifungua kwenyewe hakulipiwi, wala mtoto akizaliwa njiti.

Hatua ya 5: Hakiki kampuni, kisha soma hati mstari kwa mstari

Nunua kwa kampuni, dalali, wakala au benki yenye leseni ya mamlaka ya kusimamia bima: TIRA kwa Tanzania, au IRA kwa Kenya. Hati zina namba inayoweza kuhakikiwa; ihakiki siku hiyohiyo. Bima ya kughushi ina hasara mbili: hospitali haitaitambua, na ubalozi ukiigundua utakuwa umewasilisha nyaraka ya uongo, jambo linaloharibu maombi yako ya baadaye.

Ukipokea hati, kabla hujaifunga, angalia haya:

Majina yalingane na pasipoti herufi kwa herufi. Pasipoti ikisema majina matatu, hati iseme matatu. Tarehe ya kuzaliwa ihakikiwe kama siku na mwezi havijabadilishana.

Tarehe ya kuanza iwe ya kuondoka, si ya kufika. Ndege za usiku huleta matatizo hapa: ya saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15 ni ya tarehe 15 kwenye tiketi, lakini unatoka nyumbani tarehe 14 na ajali ya njiani ni ya tarehe 14. Anzisha tarehe 14. Mwishoni ongeza siku kadhaa kwa ajili ya ndege kuahirishwa. Gharama ni ndogo, na viza ya Schengen yenyewe huwa na siku 15 za ziada za uhalali.

Sehemu unayojilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Ikiwa ni dola 100 kwa kila dai, basi homa ndogo na sindano moja ni zako.

Mambo yasiyolipwa. Ulevi wakati wa ajali, pikipiki bila leseni au kofia, michezo ya hatari kama kuteleza kwenye theluji, kazi za mikono kama ujenzi, uchunguzi wa kawaida wa afya, miwani. Meno hulipiwa maumivu tu, kwa kiasi kidogo.

Uliza pia kuhusu kurudishiwa ada viza ikikataliwa. Kampuni nyingi hurudisha, zikikata gharama ndogo, ukipeleka barua ya ubalozi kabla ya tarehe ya bima kuanza. Ukichelewa siku moja, bima imeshaanza na fedha hairudi.

Anayesafiri mara kwa mara anaweza kukata ya mwaka mzima, ila inakuwa na kikomo cha siku kwa kila safari moja. Mtu anayekaa miezi 5 kwa hati yenye kikomo cha siku 90 hana bima tangu siku ya 91.

Hatua ya 6: Siku mbili kabla ya ndege

Piga namba ya kituo cha msaada ukiwa bado nyumbani. Namba za bure mara nyingi hazipatikani kutoka nchi nyingine, kwa hiyo tafuta namba ya kawaida yenye msimbo wa nchi, na kama wanayo ya WhatsApp, ihifadhi. Iandike pia kwenye karatasi, pamoja na namba ya hati, uiweke ndani ya pasipoti. Simu huzima chaji siku mbaya. Nakala nyingine mwachie mtu wa nyumbani na mwenyeji wako.

Dawa zako za kila siku beba za safari yote na wiki mbili za ziada, kwenye maboksi yake, ndani ya begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari kwa Kiingereza kinachotaja jina la dawa yenyewe na si la kibiashara. Kwa wanaokwenda Ghuba: tramadol, dawa zenye kodeini na diazepam zinadhibitiwa huko, hata kama kwetu unazipata duka la dawa la mtaani. Uliza kibali kabla ya kufunga begi.

Hatua ya 7: Ukiugua

Kama maisha yako hatarini, gari la wagonjwa kwanza, bima baadaye. Ulaya na Uturuki ni 112, Uingereza 999, Marekani na Kanada 911, Saudia 997, Falme za Kiarabu 998.

Kwa lolote lisilo la dakika hiyo, piga kituo cha msaada kabla ya kwenda hospitali. Wao ndio watakaokuelekeza hospitali wanayofanya nayo kazi na kuipelekea dhamana ya malipo, ili usitoe fedha mfukoni. Ukienda mwenyewe hospitali yoyote uliyoiona barabarani, utalipa wewe kisha udai, na kampuni inaweza kulipa pungufu. Ukilazwa kwa dharura, wewe au uliye naye atoe taarifa ndani ya muda ulioandikwa kwenye hati, mara nyingi saa 24 au 48.

Simu yenyewe iwe fupi. Taja namba ya hati, jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, mji na anwani ulipo, dalili na zilianza lini, na namba ya kukupigia. Kisha uliza mambo matatu: niende hospitali gani, dhamana itafika lini, na namba ya faili langu ni ipi. Andika jina la aliyepokea na saa mliyozungumza. Sekunde chache hizo zitakuokoa wiki za barua pepe baadaye.

Na kama ni homa, mwambie daktari mwanzoni kabisa kwamba umetoka eneo la malaria na lini uliondoka. Dalili za malaria kali kwa kawaida hutokea kati ya siku 7 na mwezi mmoja baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine zaidi, yaani katikati ya safari yako. Daktari wa Oslo wakati wa baridi anaona homa, kichwa na viungo kuuma, anafikiri mafua, anakurudisha hotelini na vidonge vya maumivu. Sisitiza kipimo cha damu cha malaria siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Kudai ulicholipa mwenyewe

Kusanya ukiwa bado huko, maana hospitali ya nje ni ngumu kuifuatilia kwa barua pepe ukiwa Mwanza. Unahitaji ripoti ya daktari yenye jina la ugonjwa na tarehe, ankara yenye mchanganuo wa kila huduma, risiti inayothibitisha ulilipa, cheti cha dawa pamoja na risiti ya duka, na kwa ajali ya barabarani ripoti ya polisi. Risiti ya mashine ya kadi peke yake haitoshi, kwa sababu inaonyesha kiasi tu bila kusema ulilipia nini. Ongeza nakala ya pasipoti yenye mihuri ya kutoka na kuingia, na vipande vya tiketi ya ndege. Nyaraka za Kichina, Kituruki au Kijerumani huenda zikahitaji tafsiri. Omba hospitali ikupe za Kiingereza kabla hujaruhusiwa.

Peleka yote kwa mkupuo, ndani ya siku zilizotajwa kwenye hati, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Dai likikataliwa, omba barua inayotaja kifungu cha mkataba kilichotumika. Kifungu kisipolingana na yaliyotokea, Tanzania unaweza kupeleka lalamiko TIRA au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na Kenya unalipeleka IRA. Ambatanisha hati, barua ya kukataliwa, namba ya faili na ile karatasi uliyoandika jina la aliyepokea simu yako.